Sauti Katika Nyumba za Udongo

Mwaka niliotimiza miaka kumi niliitwa jina langu, nikanyamaza. Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema.

Baba yangu alikuwa dereva Riyadh. Aliondoka Mombasa katika miaka ile ambayo kila nyumba mtaani kwetu ilikuwa na mtu anayesubiri viza ya Saudia. Baadaye kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, mzee mpole wa Sulaimaniya, akamsaidia kutuleta kwa viza ya ziara: Mama, mimi na mdogo wangu Hamisi. Tulibanana katika chumba kimoja mtaa wa Shumaisi. Idi ilipofika, mzee akampa Baba likizo na gari lake kuukuu, akamwambia awapeleke wanawe wakaione Jeddah.

Baba alipenda mambo ya kale kupita kiasi. "Hatuwezi kukaa nchi ya watu tukajua supamaketi tu," alisema. Alipanga njia nzima: tungeanzia Masmak, ngome ya udongo katikati ya Riyadh, atuonyeshe ncha ya mkuki iliyokwama mlangoni tangu enzi za waasisi wa ufalme, tupite kwenye vijiji vya kale, tumalizie Jeddah, kwenye makaburi wanakosema amelala Mama Hawa.

Jioni ya kuamkia safari tulimpigia simu Bibi, mamake Baba, kumuaga. Aliposikia habari ya vijiji vilivyohamwa, akaniomba mimi nishike simu.

"Mwanaisha, mjukuu wangu, nyumba ikihamwa na watu haibaki tupu. Jua likiwa la utosi, ukisikia jina lako limeitwa mara moja tu, usiitike. Binadamu huita mara ya pili. Anayeita mara moja si mwenzetu."

Baba alisikia, akacheka. "Mama, huku hata jini hakai bila kibali cha ikama!"

Bibi hakucheka. Alisema tu, "Haya," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema lake.

Mkuki tuliuona. Hamisi alitaka kuuchomoa, askari akamwambia "Mafi, mafi," yaani hakuna hiyo, tukaondoka tukicheka. Saa chache baadaye jangwa lilikuwa limetuzunguka pande zote. Baada ya kusali adhuhuri kwenye kituo cha petroli, Baba aliona kibao cha kahawia kinachoelekeza kijiji cha kale. Akakata kona.

"Baba Mwanaisha, jua hili," Mama alisema.

"Dakika kumi tu."

Hamisi alikuwa amelala, kwa hiyo Mama alibaki naye garini, injini ikiunguruma kwa ajili ya hewa baridi. Mimi nilimfuata Baba. Nyumba zilikuwa za udongo mtupu, nyingine zimeporomoka, nyingine zimesimama na milango wazi, ndani giza. Hapakuwa na mtu. Baba aliingia nyumba ya ghorofa, akapanda ngazi kwenda kupiga picha. Mimi nilibaki uani nikichezea jiwe la kusagia nafaka.

Nikasikia kishindo, kama gunia limetupwa. Kisha kimya.

Kisha sauti: "Mwanaisha."

Ilikuwa sauti ya Baba, lakini imechoka, kana kwamba imetoka chini ya ardhi. Nilitazama mlango. Nilitazama kivuli changu. Kilikuwa kidogo, kimejikunja miguuni pangu. Mdomo ulikwisha kufunguka kuitika. Nikauziba kwa mkono. Nilingoja mara ya pili. Nakumbuka nilivyoomba ndani ya moyo: ita tena, Baba, ita tena. Haikuja. Nikatoka pale kinyumenyume, na nilipofika njiani nikakimbia.

Mama alinifungulia mlango wa gari. "Babako yuko wapi?"

"Anakuja," nilisema.

Sikujua kwa nini nilisema hivyo. Nadhani niliogopa kwamba nikisimulia, kile kitu kingejua nilikisikia. Nikakaa. Mama akawa anatazama saa, anatazama vichochoro. Labda nusu saa ilipita kabla hajashuka. Kisha nikamsikia akipiga ukelele.

Dari ya magogo ya mtende ilikuwa imeoza. Baba alidondoka mpaka ghala la chini, paja likavunjika vipande. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Mama hakujua kuendesha gari, na hata angejua, miaka ile wanawake hawakuruhusiwa. Msudani mmoja aliyekuwa akimwagilia mitende shamba la jirani ndiye aliyekuja na kamba, akamtoa, akashika usukani mpaka hospitali. Daktari alisema angechelewa kidogo zaidi, damu iliyovuja ndani ingemuua.

Mguu haukukunjika tena. Dereva asiyekunja mguu si dereva. Mkataba ukaisha, nasi viza zetu zikaisha. Ndege yetu ya kurudi iliondokea Jeddah, na asubuhi ile Baba, na magongo yake, alimwomba mwenye teksi atupitishe kwenye makaburi ya Mama Hawa. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia. Mama akabaki garini na Hamisi. Mimi na Baba tulisimama nje ya ukuta mrefu usio na pambo lolote.

Nikaanza kulia. "Baba, siku ile uliniita mara ngapi?"

Akanitazama. "Lini?"

"Ulipoanguka. Nilikusikia. Nilinyamaza."

"Mimi sikukuita," alisema. "Nilizimia palepale. Sikuita mtu."

Alijibu haraka mno. Akanifuta machozi kwa ncha ya kanzu yake, akageuka kuelekea teksi.

Baba yuko Kisauni mpaka leo, anauza mkaa na kuwasimulia wateja habari za Masmak. Nimekuwa mtu mzima, nina watoto wawili, na sijamuuliza tena. Kama alisema kweli, basi Bibi aliniokoa na kitu ambacho sitaki kukiwazia. Kama alinidanganya, amebeba uongo ule kwenye mguu mmoja miaka yote hii ili mimi nilale. Kuna siku naamini hivi na siku naamini vile.

Watoto wangu sijawafundisha onyo la Bibi, wala sijawaambia kwamba ni upuuzi. Ila nyumbani kwangu nikiulizwa mtu fulani yuko wapi, sijibu nikiwa nimekaa. Nainuka, naenda kumtazama.