Doa la Kutu kwenye Kitambaa cha Tabita

Zebedayo, dobi wa mji wa Mpemba karibu na Tunduma, hakusoma. Tindikali aliijua kwa matundu.

Alianza kazi ya kufua ujanani, malori yakipanga foleni Tunduma kuvuka kwenda Zambia. Madereva walimletea ovaroli. Ovaroli inaingia kwenye beseni nzima, inatoka vipande. Wakamwita mzembe, wengine mchawi, na mmoja akagoma kuondoka mpaka alipwe suruali. Baadaye ndipo Zebedayo akagundua kwamba wote hao walikuwa wamebeba betri. Maji ya betri yakidondokea pamba, siku hiyo huoni kitu. Nguo inakaa kama nzima, ukiifikicha, inaachia.

Tangu hapo hakupokea ovaroli kabla ya kuilowesha kidogo na kuinyunyizia magadi. Pakichemka povu, anamwonyesha mwenyewe.

"Hii ilishakufa," humwambia. "Mimi kazi yangu kuzika."

Mkewe, Tabita, alikuwa akicheka maneno hayo kila mara, ingawa aliyasikia miaka thelathini. Tabita alifariki mwezi wa pili.

Mwezi wa kumi na moja binti yao, Ikupa, alikuja kutoka Vwawa kwa ajili ya ibada ya kumkumbuka. Alitaka kitambaa cheupe alichokidarizi mama yake, cha kutandika meza ya ushirika kanisani. Marehemu alikuwa amekiahidi kwa wanawake wenzake, akaondoka kabla ya kukipeleka. Walipofungua sanduku la bati wakakuta kutu imekishika. Doa upana wa kiganja, katikati ya maua.

Ikupa akasema kitiwe dawa ya dukani ya kung'arishia nguo. Zebedayo akakataa, dawa ile ikikutana na kutu huikaza isitoke tena. Akakamua ndimu, akachanganya na chumvi, akapaka, akaanika juani. Ndimu nayo ni tindikali, ila ya upole. Ikikauka, anapaka tena. Jioni anasuuza kwa maji ya majivu yaliyochujwa, ukali usilale ndani ya uzi.

Siku ya tatu doa lilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Siku ya nne lilikuwa vilevile. Jumapili ilikuwa kesho kutwa.

Seleman, fundi betri wa jirani, akapita akamkuta ameinama.

"Mzee wangu, ndimu hizo si za pilau? Ngoja nikuletee dawa ya wanaume."

Akaleta kichupa cha maji ya betri. Ikupa akamtazama baba yake. Zebedayo akakipokea, akakaa nacho. Tone moja la maji yale, doa lingeondoka ukiangalia. Jumapili kitambaa kingekuwa cheupe kuliko siku kilipotoka dukani, na wanawake wangemsifu Tabita mpaka nje ya mlango. Kikifuliwa mara ya kwanza tu, maua yote yangebaki mkononi mwa mfuaji. Tabita alikaa na maua hayo miezi minane, macho yake yakiwa yameshaanza kufifia.

"Chukua chupa yako, Seleman," akasema.

"Baba, watu wataliona," Ikupa akasema.

"Waone. Mama yako hakushona cha Jumapili moja."

Kikatandikwa na doa lake. Lilionekana. Mama mmoja wa kwaya alimgusa mwenzake kiwiko, wakaangalia, kisha wimbo ukaanza. Zebedayo alikaa benchi la nyuma, mikono magotini.

Baada ya ibada Mama Mchungaji akakikunja. Akauliza kama kitaweza kufuliwa kila mwezi, maana wanawake wanataka kiwe ndicho cha meza, si cha ukumbusho tu. Zebedayo akajibu kitaweza.

"Basi utakifua wewe, Baba Ikupa."

Akauliza wanakihitaji Jumapili ya kwanza ya mwezi au ya mwisho. Ya kwanza, akaambiwa. Akakipokea, akaenda nyumbani.