Kahonzi, msusi wa waya asiyeisingizia bahari

Saa mbili unusu asubuhi, na Kahonzi Ngowa amefika mia tatu na arobaini. Anahesabu kimya kimya, midomo ikicheza tu. Redio ndogo imebanwa ukingoni mwa meza, na waya mwembamba wa rangi ya kahawa umechomekwa ndani yake. Katikati ya waya huo kumefungwa chubwi, ile risasi nzito ya kuzamishia mshipi wa kuvulia. Ncha ya pili imepanda hadi sikioni mwake.

Analisukuma chubwi upande huu, kisha upande ule. Kila msukumo unaukunja waya pale unapoingia kwenye plagi, mahali anapopaita shingoni. Redioni wanataja bei za vitunguu. Sauti ikikoroma hata mara moja, ataikata shingo ile na kuanza upya.

“Waya haufi tumboni, hufia shingoni,” anasema. “Nikifika mia tano bila kukoroma, ndipo napumua.”

“Ukimaliza kuhesabu huko, njoo unihesabie na vifungo,” anamtania Jedida, fundi cherehani anayechangia naye kibanda hiki cha mabati nyuma ya soko mjini Kilifi.

Kahonzi anacheka kidogo, lakini mkono hausimami. Saa nne anakuja Bi Hadiya Mahdi, mwimbaji wa arusi kutoka Malindi. Mara ya mwisho Bi Hadiya alipovaa waya uliopita mikononi mwa Kahonzi, ulimkatikia katikati ya wimbo, mbele ya bibi arusi. Leo anakuja kuamua kama atamwamini tena kwa arusi ya Jumamosi.

Kahonzi, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja na mama wa watoto wawili, hutengeneza visikizi, vile vidude vya kuchomeka masikioni ambavyo waimbaji huvaa ili wajisikie wenyewe kati ya ngoma na spika. Vipo vya kisasa visivyo na waya, lakini wateja wake hawavitaki jukwaani. “Sauti yake huchelewa kidogo,” anaeleza, “na ngoma haimngoji mtu.”

Kazi hii aliianzia kwenye ndoo. Miaka minne iliyopita alikuwa akifagia na kupokea wateja katika duka la Laban, fundi wa simu, ambaye ndiye aliyemfundisha kulehemu. Visikizi vilivyoharibika Laban alikuwa akivitupa ndooni. “Hivyo havina dawa,” alikuwa akisema. Kahonzi aliomba ile ndoo, akaibeba kichwani hadi kwao Junju.

Alivipasua kimoja baada ya kingine. Spika zilikuwa nzima, makasha mazima. Karibu vyote vilikuwa vimekufa mahali pamoja tu, pale shingoni.

“Nikajiuliza, mbona mkoba wa ukili haukatiki kwenye mkono wake?” anasema.

Jibu alikuwa nalo tangu utotoni. Nyanya yake, hawe Pola, alimlea kwa kusuka mikeka na mikoba ya miyaa, yale majani makavu yanayochanwa na kusukwa kuwa ukili. Pale mkono wa mkoba unapokutana na mdomo, hawe alikuwa akisuka kwa kulegeza taratibu, ili uzito usiangukie mahali pamoja. Kahonzi akafanya hivyo hivyo kwa nyuzi nne za shaba zilizovikwa ganda laini. Shingoni husuka kwa kubana, kisha hulegeza kidogo kidogo kwa urefu wa kidole.

“Ukibana wote, unapata fimbo. Ukiulegeza wote, unafumuka. Mkono ndio unaojua.”

Waya mzima humchukua siku mbili, na huuza kwa shilingi elfu moja na mia nane. Shingo peke yake hutengeneza kwa mia mbili. Waya wake hupanda juu ya sikio na kushuka nyuma, kama mkono wa miwani, ili uzito ulale juu ya sikio badala ya kuning'inia tunduni. Mahali nyuzi zinapogawanyika kwenda kulia na kushoto hupateremsha hadi kifuani, kwa sababu waimbaji wengi wa pwani huvaa mtandio, na kile kishikizo cha chuma ambacho nyaya za dukani huwa nacho chini ya kidevu hunasa kitambaa. Upande wa kulia huweka ushanga mmoja mwekundu, mwimbaji apapase na kujua hata asipotazama.

Mwezi wa nne, Bi Hadiya alimletea visikizi vyake avisukie waya mpya. Kahonzi alisuka kwa moyo wote. Alipomaliza, aliona ni vyema aukinge waya ule na chumvi ya hewa ya bahari, inayokula kila chuma mjini humu. Akachukua kitambaa, akaupaka mafuta ya nazi kutoka ncha hadi ncha.

“Kwetu, kitu unachotaka kidumu unakipaka mafuta ya nazi,” anasema, macho yakiwa mezani. “Mtoto anapakwa. Panga linapakwa. Mlango unapakwa. Sikuwaza mara mbili.”

Lakini lile ganda laini halipatani na mafuta. Lilianza kugeuka kijani, kisha likakauka. Baada ya miezi miwili, nyuma ya sikio la Bi Hadiya, likapasuka na shaba ikakatika. Kisikizi cha kulia kikanyamaza. Akawa anasikia ngoma tupu, akaupita mdundo, na wanawake wakaacha kupiga makofi.

“Shangazi yake bibi arusi alisema, ‘Mwari ndiyo kwanza anaingia, na mwimbaji keshatoka?’ Ukumbi mzima ukacheka,” anasimulia Kahonzi. “Mimi sikuwepo, lakini maneno hayo nayasikia kila siku.”

Waya ulirudi Kilifi ndani ya mfuko wa karatasi, bila ujumbe. Jedida aliutazama, akampa ushauri.

“Mwambie ni chumvi ya bahari. Nani atabishana na bahari?”

“Bahari haikushika chupa ya mafuta, Jedida,” alijibu Kahonzi.

Kesho yake alifunga kibanda, akaenda Malindi, akakaa kwenye baraza la Bi Hadiya na kusema yote. Bi Hadiya alimsikiliza, akamletea kahawa, asiseme kuwa amesamehe wala kuwa hakusamehe. Aliporudi, Kahonzi alifungua daftari la wateja. Watu kumi na tisa wengine walikuwa wamepewa waya uliopakwa mafuta. Aliwapigia simu wote. Kumi na watano walirudisha, naye akawasukia upya bila malipo. Kazi hiyo ilimchukua zaidi ya mwezi, na mchuzi wa nyumbani ulikuwa mwepesi.

“Wanne walisema wao hawaoni tatizo,” anasema. “Hao nawapigia kila wiki. Wananiona msumbufu.”

Saa nne na dakika tano, kivuli kinaziba mlango.

“Shikamoo, Bi Hadiya.”

“Marahaba, mwanangu. Hamjambo humu?”

“Hatujambo. Karibu kiti.”

Bi Hadiya, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, haketi. Anauchukua waya mpya, anaupitisha kati ya vidole polepole, kisha anaunusa.

“Umeupaka nini?”

“Sikuupaka kitu, Bi Hadiya. Na wewe ukipaka nywele mafuta, nakuomba uufute kwa kitambaa kikavu ukivua.”

“Yaani sasa mimi ndiye nitakayefundishwa mambo ya mafuta?” anasema Bi Hadiya, na kwa mara ya kwanza kuna tabasamu pembeni mwa mdomo.

Anauchomeka kwenye visikizi vyake, anapapasa ushanga, anavaa, anapitisha waya chini ya mtandio. Kahonzi anaunganisha kipaza sauti na kimtambo kidogo cha sauti kilichoko mezani. Bi Hadiya anafumba macho na kuanza kuimba, kwanza kwa chini, kisha kwa sauti inayosimamisha cherehani ya Jedida. Anageuza shingo kushoto. Anaigeuza kulia. Anainama kama anayemtunza bibi arusi.

Kahonzi hamtazami mdomo, anamtazama mkono. “Mwimbaji akigusa sikio, jua yuko mashakani,” alikuwa amesema asubuhi. Mkono wa Bi Hadiya unapanda. Kahonzi anashika ukingo wa meza. Mkono unafika begani, unaweka mtandio sawa, unashuka.

“Najisikia,” anasema Bi Hadiya anapomaliza. “Jumamosi nitauvaa.”

Kisha, akiwa tayari mlangoni, anageuka.

“Lakini na ule wangu wa zamani, wa kabla hujanisukia, nitautia mkobani. Wewe nakuamini, ila arusi ni ya watu.”

“Ningekuwa wewe, ningefanya hivyo hivyo,” anajibu Kahonzi.

Mgeni amekwenda, Jedida amerudi kwenye pindo zake, na Kahonzi anatundika waya mwingine na kulifunga chubwi. Ana mpango wa kuwaita wanawake wawili wa Takaungu wanaosuka ukili awafundishe kazi hii, kwa kuwa vidole vyao, anasema, tayari vinajua nusu yake. Lakini ndoto yake hasa ni ndogo kuliko hiyo.

“Natamani siku moja Bi Hadiya aniambie ule wa akiba aliusahau nyumbani,” anasema, “na hakukumbuka mpaka arusi ilipokwisha.”

Kisha anatia kisikizi sikioni, na kuanza tena kuhesabu, moja.