Majani ya Kahawa ya Mwalimu Aikande

Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, mwaka jana, tulimzika Mwalimu Aikande kwao Kirua, kwenye kihamba cha mama yake, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Bodaboda iliyokuwa ikimshusha mjini iliteleza kwenye tope la masika. Alikuwa amebakiza kidogo awe daktari, siyo wa hospitali, wa kompyuta. Mimi nilikuwa mtunza maabara ya kompyuta chuoni kwake hapa Moshi. Vijana huniuliza kazi ile ilikuwaje. Nitaieleza pamoja naye, maana siwezi kuvitenganisha.

Siku yangu ya kwanza nilipewa ufagio na onyo. Zama hizo kompyuta zilifunikwa vitambaa kama makochi ya sebuleni, na viatu vilivuliwa mlangoni. Mkuu wa Chuo wa wakati huo aliniambia, "Shabani, vumbi likiingia humu, wewe unatoka." Nimeishia darasa la saba, hivyo nilijifunza kwa kutazama: kuvuta nyaya, kubadilisha feni, kutunza sava, yaani ile kompyuta kubwa inayohifadhi kazi za wote. Wakuu wa chuo na wa idara walikuja wakaondoka. Wa mwisho niliyemtumikia, Mkuu wa Idara, alikuwa hodari wa kuzungumza na wafadhili.

Aikande alisomea udaktari chini ya huyo, huku akifundisha mwaka wa kwanza. Utafiti wake ulikuwa kuifundisha kompyuta itambue ugonjwa wa kahawa kwa picha ya jani iliyopigwa kwa simu. Kompyuta haijui kutu ya majani ni nini. Huonyeshwa picha nyingi mno za majani mazima na magonjwa mpaka izoee. Basi akawa anapanda mlimani, kihamba kwa kihamba, kukusanya picha. Mwanzoni programu ilishindwa kabisa. Kila jani ililiona zima. Siku moja alirudi akaketi juu ya katoni, akicheka kwa hasira.

"Mzee Shabani, unajua wanafanya nini? Nikifika tu, wanachuma jani zuri kuliko yote shambani, halafu wanalifuta kwa kanga!"

"Wamekuheshimu. Wewe mgeni."

"Mgeni gani? Mama yangu mwenyewe kafanya hivyohivyo! Ati picha inakwenda chuoni, itakwendaje na jani chafu?"

Ilibidi aanze upya. Safari hii hakuomba jani. Alishika jembe akapalilia nao, na wakishamzoea alipiga picha majani yakiwa mtini, na madoa yake.

Darasani hakutisha watu. Algorithimu, yaani hatua ambazo kompyuta hufuata moja baada ya nyingine, aliieleza kwa zamu za maji ya mfongo, mfereji wa kwao mlimani: kama ni zamu yako, fungua; kama siyo, acha yapite.

"Na jirani akiiba?" aliuliza kijana mmoja.

"Hiyo ndiyo hitilafu ya programu. Na wewe unaonekana unaijua sana."

Darasa zima lilimcheka yule kijana. Jumapili Aikande aliimba kwaya usharikani. Jioni alicheza drafti na walinzi wa getini kwa vizibo vya soda, na akishinda hakuwa na huruma: "Afande, rudi getini. Huku umeshaibiwa mchana kweupe."

Baada ya mazishi, Mkuu wa Idara aliniagiza nimtolee mafaili yote ya Aikande kwenye sava. Nilidhani anataka kumalizia kwa niaba ya marehemu. Sasa nimestaafu, nakaa nyumbani Njoro, na nasikia watu wakisema kompyuta haisahau. Mimi nimezitunza. Zinasahau. Inatosha mtu mmoja kufuta mstari mmoja.

Mstari huo niliuona asubuhi ya mkutano wa wageni wafadhili, katika wiki yangu ya mwisho kazini, nilipokuwa nikifunga projekta ukumbini. Picha zilikuwa zilezile alizokuwa akinionyesha Aikande. Pale palipokuwa na jina lake pameandikwa la Mkuu wa Idara. Mwenyewe alikuwa pale mbele akipanga karatasi zake; nikamwuliza la Aikande litakaa wapi.

"Mzee Shabani, kazi iliyofanyika chuoni ni mali ya chuo. Wewe angalia projekta."

Nikaangalia projekta.

Mama Aikande alikuwa amesikia usharikani kwamba kazi ya binti yake itaonyeshwa. Alishuka na kapu la ndizi mbivu kwa ajili ya walimu, akaketi nyuma karibu nami. Yote yalisemwa kwa Kiingereza. Ilipotokea picha ya kiganja kimeshika jani, alinigusa.

"Huo mkono wangu!" Kisha akauliza, "Wanamsifu?"

Kiingereza changu ni kidogo, lakini jina la mtu halihitaji kutafsiriwa. Nilikuwa nikilisubiri tangu mwanzo.

"Hawajamtaja, Mama Aikande."

"Labda mwishoni."

Tulisubiri mpaka mwisho. Watu wakapiga makofi, wakasimama. Mkuu wa Idara alikuja upande wetu akiwa na wageni wake, akamwona, akainama kwa adabu mbele yao.

"Shikamoo, mama."

Mama Aikande alimtazama usoni. Wageni wakangoja.

"Shikamoo, mama yetu," alirudia, kwa sauti zaidi.

Hakuitikia. Alibeba kapu lake, na ndizi zote zikiwamo, tukatoka nje.