Alama Saba za Bia Nyeusi

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonja bia. Nilipewa glasi tano za maji, nikaambiwa moja imetiwa chembe za chumvi, niitaje. Nilitaja ya nne. Mpishi Mkuu akanigeuza, akazipanga upya glasi zake, akaniambia nirudie. Safari hii nilitaja ya kwanza. Akanitazama juu ya miwani.

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna, Mzee. Mama yangu anapika kimpumu."

"Basi umefundishwa," akasema, na kazi nikapata.

Kwa asiyejua, kimpumu ni pombe ya ulezi inayonywewa kwa mrija. Mama aliipika nyumbani kwetu Mbozi, na mimi nilikua nikiinama juu ya mitungi yake kunusa kama imeiva. Sikujua kwamba hiyo ni elimu. Nilikuwa mkulima wa kahawa, mama wa watoto watatu, na nilikwenda kiwandani kuomba kazi ya kuosha chupa.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, tukiwa bado Mkoa wa Mbeya, kabla haujagawanywa. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila mwenye lori mbili pale Tunduma alijiona mwenye viwanda. Mkurugenzi wetu alikuwa na lori nne. Alijenga kiwanda kidogo cha bia nje ya mji, kwenye barabara ya Sumbawanga, akamchukua Mpishi Mkuu ambaye alikuwa amepunguzwa kazini Pwani baada ya kiwanda cha serikali kuuzwa. Mpishi wa bia, mjue, hashiki mwiko. Kazi yake ni kuchagua kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, kupanga joto la maji, na kuitunza hamira inayochachusha.

Wazee wa kanisa waliniita wakaniuliza kama kweli nimeajiriwa kunywa. Niliwajibu kwamba naonja. Mzee mmoja akauliza tofauti yake ni nini, nikamwambia anayeonja anaandika. Waliniacha, ingawa kwenye kwaya nilihamishiwa mstari wa nyuma.

Chumba cha kuonjea kilikuwa na kuta nyeupe na meza nne ndogo zilizopigiliwa ukutani, moja kila upande. Tulikuwa waonjaji wanne, na kila mmoja alikaa amewapa wenzake mgongo. Hiyo ilikuwa sheria ya Mpishi Mkuu, na hakuilegeza hata siku Mkurugenzi alipolalamika kwamba tunafanana na watoto waliopewa adhabu.

"Ukimwona mwenzako amekunja uso, na wewe utakunja," alitufundisha. "Onja na ukuta. Ukuta hauna maoni."

Tulitoa alama hadi kumi, ingawa kumi sikuwahi kuiona. Saba kwenda juu iliingia sokoni, nne kushuka ilimwagwa. Bia mbaya ni rahisi kuihukumu kwa sababu inajitaja yenyewe. Inanuka mahindi ya kuchemsha kama haikuchemka vya kutosha, au siagi kama hamira imeondolewa kabla ya kumaliza kazi yake, au boksi lililonyeshewa kama kuna kitu kimechakaa. Shida ilikuwa ya tano na sita. Bia ya tano huwezi kuitema, wala huwezi kuikumbuka ukishaimeza. Mpishi Mkuu aliiita bia ya "sawa tu", na aliichukia kuliko ile iliyoharibika. Yenye tano au sita ilipikwa upya, hata kama hakuna aliyeweza kusema kosa lake.

Kwa miaka kadhaa tuliuza bia nyeupe. Kisha za viwanda vikubwa zikafika mpaka vijijini, na nyingine zikawa zinavuka kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa bei ya kutupa. Mkurugenzi akatuita sote uani.

"Mambo si bwino, si mazuri kabisa," alisema. Alikuwa amezoea kuchanganya maneno ya wateja wake wa ng'ambo. "Mzee anasema ana bia nyeusi kichwani, ya tofauti na zao. Haya, apike. Hii nyeusi ikikaa vizuri tunaendelea. Isipokaa, hapa nageuza ghala la mbolea, na kila mtu arudi shambani kwake."

Tangu siku hiyo Mpishi Mkuu hakuzungumza kingine. Bia ile ilitumia hamira ya kupanda juu, ambayo haihitaji ubaridi mkali, na kimea kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi kama kahawa. Alikuwa ameota kuipika tangu ujana wake, na kule Pwani hawakumruhusu. Kimea kilipoletwa alinipeleka stoo tukifungue pamoja. Alikata kamba ya gunia, akazamisha uso ndani kama kawaida yake, akavuta pumzi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, na harufu ilinifikia. Chini ya ile harufu nzuri ya kukaangwa kulikuwa na unyevu wa zamani, kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni.

Mzee aliinua uso akanitazama. Nikangoja aseme yeye kwanza.

"Safi," akasema.

Nikajiambia anajua anachofanya. Alikuwa amefungua magunia zaidi ya nywele zangu.

Siku ya kuihukumu, Mkurugenzi aliwaleta mawakala watatu wa kuuza kwenye mabaa. Alisema ni aibu kuwakalisha wageni wakitazama ukuta, kwa hiyo tukahamia ofisini kwake, tukazunguka meza moja ya mviringo yenye kitambaa. Mpishi Mkuu hakubisha, jambo ambalo lilinishangaza. Alimimina, akanywa funda la kwanza mbele yetu, akaweka glasi chini.

Sasa nieleze kosa langu. Nyumbani kwetu aliyepika ndiye anayeonja wa kwanza, kuonyesha kwamba hakuna ubaya ndani. Akishaonja, mgeni anapokea kwa mikono miwili, anakunywa, anasema imekaa. Hata iwe kama maji ya kuoshea vyungu, hakuna anayeikosoa mbele ya mwenyewe. Kwenye chumba cheupe adabu hiyo ilikuwa haina pa kuingilia. Kwenye meza ya mviringo iliingia ikakaa kitako.

Rangi ilikuwa nzuri, na povu lilisimama. Funda la kwanza lilinipa kahawa iliyoungua kidogo. Baada ya hapo nikatafuta, kama mtu anayepapasa kiberiti gizani, nisipate kitu. Katikati palikuwa patupu. Mwishoni kulikuwa na boksi lililonyeshewa, kwa mbali sana. Ilikuwa tano isiyo na ubishi.

Nikainua macho. Mpishi Mkuu alikuwa anatutazama nyuso, mmoja mmoja, na kwangu alikawia. Nilidhani ananiomba. Niliishika glasi kwa mikono miwili, nikanywa tena, nikatabasamu, nikaandika saba. Karatasi nne zilikusanywa, zote zikiwa na saba. Mawakala wakapiga makofi, na Mkurugenzi akamkumbatia Mzee.

Bia iliingia sokoni. Hakuna aliyelalamika, na hilo ndilo lilikuwa baya. Watu walikunywa chupa moja, wakasema si mbaya, wakaagiza nyingine ya kiwanda kingine. Miezi michache baadaye makreti yalikuwa yamejaa uani hadi ukutani. Mkurugenzi alitimiza neno lake. Jengo lile ukilipita leo utakuta mbolea.

Mpishi Mkuu aliondoka bila kuaga, akiwa na sanduku moja. Mimi nilibahatika. Chama cha wakulima huko Mbozi kilihitaji mwonjaji wa kahawa, na ulimi wangu ulikuwa unajulikana. Kahawa huonjwa kwa kijiko, unaivuta kwa kelele ili itapakae mdomoni, kisha unatema. Msimamizi wangu wa kwanza pale alikuwa mtaalamu kijana mwenye haraka.

"Mama Neema, mbona umegeuza kiti?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Nina tatizo la shingo," nilimjibu.

Msimamizi aliyefuata alikuta wote tumegeukia ukutani, akadhani ndiyo taratibu. Nilikaa hapo mpaka nikastaafu, na sikumbuki kuandika tena alama ambayo haikuwa kwenye kikombe.

Lakini ile saba niliondoka nayo. Niliona aibu kila nilipoikumbuka, kwa sababu aliyenifundisha kusema kweli ndiye niliyemdanganya. Baada ya kustaafu nikasikia kwamba Mzee yuko Itumba, kwa wakwe zake, analima. Nikapanda gari nikaenda.

Nilimkuta amekaa barazani, amekonda, miwani ileile. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto. Kisha nikaona nisizunguke.

"Mzee, ile nyeusi ilikuwa tano. Mimi niliandika saba."

"Kwa nini?"

"Ulinitazama. Nikakuonea huruma."

"Sikuwa naomba huruma, Mama Neema. Nilikuwa natafuta jibu." Akagusa pua yake. "Niliugua mafua kabla ya kile kimea kuja. Yalipokwisha yaliondoka na harufu zote. Nikangoja zirudi, mpaka leo. Pale stoo niliingiza uso mzima guniani nisisikie kitu. Nikakutazama wewe, ukawa umetulia. Nikasema safi."

"Na mimi nilitulia nikikungoja wewe."

"Na ofisini nilikubali ile meza ya mviringo ili nione nyuso zenu. Nilipoona umetabasamu nikashukuru Mungu." Akatazama mashamba upande wa pili. "Ungeandika tano ningepika upya. Muda ulikuwepo."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliniuma. Nilimwomba radhi. Alisema na yeye aniombe, kwa sababu mpishi asiyesikia harufu anapaswa kusema, naye aliogopa kurudi shambani, mahali ambapo alirudi hata hivyo.

Mke wake, Mndali wa hapohapo, akatuletea pombe ya ulezi kwenye kata. Alionja yeye kwanza, akanipa. Nilichukua kata, nikageuza kigoda changu, nikaonja nikitazama ukuta wa udongo.

"Ngapi?" Mzee akauliza nyuma yangu.

"Sita."

"Sita tu, dada?" mke wake akasema.

"Sita. Ulezi ulianuliwa haujakauka vizuri."

"Ni kweli," akasema yule mama. "Mvua iliniwahi."

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Alipotulia akaniuliza kwa sauti ya chini inanukaje. Nikageuza kigoda nikamwelekea, nikaanza kumweleza, harufu moja baada ya nyingine, naye akafumba macho.