Wavu wa Vyoo Viwili

Siku niliyoingia duka la vifaa vya ujenzi pale Bariadi, nilikuwa sijawahi kununua hata msumari, lakini nilijiona mjuzi. Kulikuwa na nyavu za chuma za aina mbili, na wenyewe dukani waliziita zote meshi. Za kwanza ziliegeshwa ukutani uani, shuka ngumu zisizokunjika, nyaya zake nene kama kalamu, zimechomelewa miraba mikubwa na kushika kutu kwa mvua. Za pili zilikuwa ndani, zimeviringishwa kama mikeka, nyembamba na zinang'aa. Fundi alikuwa ameniandikia kwenye kipande cha mfuko wa saruji: wavu usipungue unene wa kalamu. Kipande hicho nilikuwa nacho mkononi. Naliandika hili mapema ili nisije nikajifanya sikujua.

"Chukua wa nje, mama," mwenye duka aliniambia. Alikuwa mzee mpole mwenye barakashia, mtu wa kuja, ila amekaa mjini miaka mingi. "Kutu hiyo ya juu juu haina neno, zege linaishika vizuri tu. Huu wa ndani watu wanajengea mabanda ya kuku."

Nilimjibu kwamba sikutoka Ngulyati kuja kununua kutu. Mdomo wangu ndivyo ulivyo, hautangulizi akili.

Alicheka. Akaniuliza slabu ina ukubwa gani, nikamwambia ni slabu mbili, za vyoo viwili. Akashangaa. Kwa nini nyumba moja ihangaike na vyoo viwili, akauliza, wakati kwa shuka moja ya wavu mnene ningepata choo kimoja cha kudumu mpaka wajukuu wazeeke?

"Baba mkwe yupo," nikasema.

"Na yeye si atatumia hicho hicho?"

Sasa ikawa zamu yangu kucheka. Mtu amekaa Bariadi muda wote huo, anauza mpaka nati za plau, na hajui kwamba kwetu mkwe wa kike na baba mkwe hawaingii choo kimoja. Mimi sikukaa kwenye kiti alichoinuka. Nikimpelekea chakula, nilikiweka na kurudi nyuma, macho chini. Miaka kumi na moja niliishi kwenye boma lile na sikuwahi kumgusa hata kwa bahati mbaya. Tulipendana kwa njia hiyo, na sisemi hivi kwa kejeli. Yeye ndiye aliyenipa ng'ombe wa maziwa nilipojifungua mtoto wa kwanza, akamfunga mlangoni kwangu alfajiri na kuondoka bila neno.

Tatizo lilikuwa magoti yake. Choo cha zamani cha magogo kilikuwa kimoja tu, na tangu nilipoolewa mzee alikiacha kwetu, yeye akawa anakwenda porini. Alipokuwa na nguvu haikuwa shida. Lakini mwaka ule nilikuwa namwona akivuka shamba la pamba na fimbo yake, anasimama, anapumzika, anaendelea, na mvua inamnyeshea. Iliniuma. Mume wangu alikuwa machimboni Geita, akipiga simu anaahidi na kusahau. Nikaamua nitajenga mwenyewe, viwili, vya zege, cha mzee kiwe karibu na mlango wake. Nilichotaka ni kwamba yule mzee asiende tena porini. Hilo tu.

Fedha iliyokuwepo ilitosha shuka moja ya wavu mnene au roli moja ya ule mwembamba. Shuka ingehitaji gari, roli ingefungwa kwenye bodaboda. Nikachukua roli. Njiani nilikuwa nimeikumbatia mgongoni kwa dereva, nimefurahi kama ninayetoka harusini.

Fundi alipoiona alisonya. "Nilikuandikia nini?"

"Uliandika wavu. Huu si wavu?"

"Huu ni wa kuku." Akaukanyaga, ukabonyea. Halafu akatulia, maana hakuwa mtu wa ugomvi, akasema tunaweza kuuokoa: tuukunje mara mbili au tatu, tumwage slabu moja nene. Moja. Nyingine isubiri mavuno. "Udongo wenu huu mweusi haufai kuchezewa. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka. Ukingo wa shimo ukimeguka, slabu inabaki inaning'inia upande mmoja, na hapo kinachobeba ni chuma."

Nilimuuliza, hiyo moja itakuwa ya nani? Nikiiweka kwa mzee, mimi na watoto twende porini, na yeye atajua ameninyima; asingekanyaga. Nikiiweka kwetu, tumerudi kule kule. Fundi alikuwa Msukuma mwenzetu, alielewa bila kuelezwa. Akakuna kichwa, akachukua koleo la kukatia, akaukata wavu katikati. Slabu zote mbili zilimwagwa siku ile ile, mkunjo mmoja kila moja. Tulizimwagia maji kila asubuhi mpaka zikakomaa, na mzee alipoingia chake mara ya kwanza alitoka akapiga fimbo chini mara mbili. Nilikuwa jikoni. Nilijua ile ilikuwa asante yangu.

Alikitumia msimu mmoja wa kiangazi. Kisha mvua zikaja, nyingi.

Ilikuwa asubuhi, watu wote wako palizi. Mama mkwe alikuwa amekwenda mnadani, watoto wako shule, simu yangu iko kwa kinyozi inachajiwa. Nilikuwa nachambua mchicha niliposikia mlio wa kitu kizito kuvunjika, halafu sauti ya mzee, si kelele, kama mtu aliyekatwa pumzi.

Nilikimbia mpaka kwenye gunia lililokuwa mlango wa choo chake. Pembeni mwake palikuwa na mwanya, nikaona. Slabu ilikuwa imekatika katikati. Nusu moja ilikuwa imeshuka shimoni, imeshikiliwa na nyaya tu, na mzee alikuwa amezama mpaka kifuani, vidole vyake vimepita kwenye miraba ya wavu. Nguo zake zilikuwa zimeshuka zote. Nyaya zile nyembamba zilikuwa zinamshika. Naapa zilikuwa zinamshika.

"Baba, nakuja. Nipe mkono."

"Usiingie, mayu!" Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, kwa heshima, kama mama yake. "Usiingie. Niko uchi. Ita wanaume."

"Baba, wanaume wako mbali."

"Ita wanaume!"

Kutoka pale nilipokuwa hadi mkononi mwake ni hatua tatu. Ningeweza kulala kifudifudi, nikamfunga kanga yangu kwapani, nikaizungusha kwenye nguzo. Nimeshalifanya hilo kichwani mara nyingi sana, na kila mara anatoka. Siku ile niligeuka nikakimbia kuelekea mashambani, nikipiga mwano, lile yowe la hatari linalokusanya watu kwetu.

Nilikuwa sijapita zizi la ng'ombe aliponiita tena.

"Mayu! Rudi! Nipe huo mkono!"

Nilisikia kila neno. Sitaki mtu aniambie kwamba labda upepo, labda mwano wangu mwenyewe ulinizuia. Nilisikia, na miguu yangu ilisimama. Nikawaza nitamkuta alivyo, nitamshika, na kesho nitampelekea uji kwa uso gani, na yeye ataupokea kwa uso gani. Nikawaza wifi zangu watakavyosema. Niliwaza yote hayo kwa muda mfupi kuliko ninavyoyaandika. Kisha nikaendelea kukimbia, nikapiga mwano kwa nguvu zaidi, na najua kwa nini niliongeza sauti.

Wanaume wawili walikuja na majembe yao mkononi, matope mpaka magotini. Tulipofika palikuwa kimya. Wavu ulikuwa umekatika kwenye viungo vyake, kimoja baada ya kingine, na shimo lilikuwa na maji ya mvua. Walimtoa kwa kamba baada ya muda mrefu. Wakamfunika kabla hawajaniruhusu nigeuke, na mimi nikageuka nikiwa nimeinamisha macho, kwa mazoea.

Fundi alikuja msibani. Alikaa kando peke yake, na nilipompelekea chai nilimwambia makosa ni yangu, wavu niliuchagua mimi. Nilitaka anitukane. Nilihitaji mtu mmoja tu anitukane. Alitikisa kichwa. Alisema alikwenda kuangalia pale. Ukingo ulimeguka upande mzima, wavu mnene ungepinda tu usikatike, hilo hawezi kunificha. "Lakini hata ule mwembamba ulimshika, dada. Ulimpa dakika kadhaa. Bahati mbaya hapakuwa na mtu karibu."

Nilichukua kikombe chake kabla hajamaliza.

Hakuna aliyenilaumu. Ningejua namna ya kubeba lawama, mdomo ninao. Badala yake wale wanaume wawili walikuwa wamesimulia walivyonikuta nimekauka koo kwa mwano, na kwamba sikuingia mle ndani. Habari ikazunguka msiba mzima. Wifi mkubwa, ambaye tangu naolewa hajawahi kuniona nafaa hata kusonga ugali, aliniletea kiti mwenyewe. Wazee wakasema mabinti wa siku hizi wangejirusha tu bila kujali mzee yuko katika hali gani, ila huyu amefundwa. Walisema kwa sauti nisikie. Nilisikia, nikaendelea kuosha sufuria.

Siku ya tatu, watu walipoanza kupungua, mama mkwe aliniita ndani. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, amedhoofu kwa siku tatu kuliko mtu aliyeugua miezi. Akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili.

"Wabeja, mayu," alinishukuru. "Hukumwaibisha mzee wangu. Amekufa na heshima yake."

Nilitaka kuutoa mkono, hakuuachia.

"Wewe ndiye uliyemsikia wa mwisho," akasema. "Niambie. Neno lake la mwisho lilikuwa nini?"

Nilimtazama usoni. Wifi mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake wanawake wengine wawili, wote wametulia kusikiliza.

"Alisema niite wanaume," nikajibu.

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa polepole, akaridhika, akawageukia wale wa mlangoni akawarudia: mmesikia, alisema aite wanaume.