Nilikataa Kuandikwa Hajiwezi

Sisi wakubwa wa pwani hii, ukitujulia hali na mwili una homa, tunajibu "siwezi". Basi. Hatujasema tumekwisha. Anayeumwa hawezi, akipona anaweza. Lakini ongeza silabi moja tu, sema fulani hajiwezi, umeshamtoa katika watu. Huyo ni wa kulishwa na kuhurumiwa. Mimi nilisoma madarasa mawili, na tofauti hiyo naijua kuliko wengi waliosoma.

Mwaka tuliokimbia vita nilitumbukia korongoni, mguu wa kulia ukavunjika gotini. Porini hakuna daktari. Uliunga wenyewe, ukaunga vibaya, na tangu hapo goti halikunjiki, natembea na gongo. Tuliporudi nilijaribu kukaanga vitumbua kama zamani. Kwa vitumbua nilijenga nyumba ya bloku nikaiezeka bati, na mume alikuwa ameshaniacha siku nyingi. Lakini jiko la vitumbua liko chini, na mkaangaji hukaa kibaoni amekunja magoti. Nikawa nala sahani ya mdogo wangu, ninayeishi naye tangu afiwe na mumewe.

Ni yeye aliyeleta habari kwamba ofisi ya distrito, yaani wilaya, inaandikisha walemavu wapewe subsidio, pesa za msaada, kila mwezi. Niliitaka. Sioni haya kusema. Nilitaka kununua mchele wangu mwenyewe. Kitambulisho nilikuwa nacho, kipya, maana cha zamani kiliungua pamoja na nyumba yangu wakati wa vita. Cheti cha hospitali nilikifuata mpaka walinzi wa mlangoni wakanizoea. Ilibaki barua ya katibu wa bairo, mtaa wetu, na bila hiyo usijisumbue kwenda distrito.

Siku ya barua nilioga, nikajipaka msiro wa urembo usoni, nikafunga kanga mpya. Mdogo wangu akanitazama juu mpaka chini.

"Dada, kuna harusi? Ukienda unang'aa hivyo watauliza huyu anataka msaada gani. Vaa lile gauni lililochanika."

"Lile la kudekia?"

"Hilohilo."

"Dekia wewe. Kwa serikali siendi na tambara."

Katibu ni kijana wa mtaani kwetu, namjua tangu anatambaa. Alinipa shikamoo, akanipa kiti, akaandika kwa Kireno, kisha akanisomea kwa lugha yetu. Jina sawa. Bairo sawa. Akafika mwisho: "Ni mlemavu, hajiwezi."

"Futa hilo."

"Lipi, bibi?"

"Hajiwezi. Mguu hauwezi. Mimi najiweza."

"Zote ndivyo zinavyoandikwa. Wa jana nimemwandikia hivyo hivyo."

"Wa jana alikubali. Wewe umekula vitumbua vyangu tangu huna meno ya mbele. Ulimwona nani ananikaangia?"

Mdogo wangu akanivuta kanga. "Dada, ni neno tu. Halina hata uzito wa kibaba cha mchele."

"Basi libebe wewe."

Katibu akaweka kalamu chini. Si mtu mbaya. Akasema kama silitaki neno lile, itabidi aandike moja moja yale nisiyoyaweza, kwa sababu distrito watauliza, na nikificha watanirudisha. Nikasema andika. Nilidhani ni kazi nyepesi.

"Maji unachota?"

"Nachota."

Mdogo wangu akakohoa.

"Nachota kwa kata, mtungini," nikasema. "Kisimani siendi. Anakwenda huyu."

"Kupika?"

"Nikiwekewa jiko juu ya meza."

"Kuswali?"

"Kwenye kiti. Kusujudu nainamisha kichwa."

Akaandika. Kisha akauliza bila kuninyanyulia macho, na kwa hilo namshukuru: "Na chooni?"

Choo chetu ni cha shimo, cha kuchutama. Habari hiyo sikuwahi kumwambia mtu. Pale kitini ndipo nilipoelewa kwa nini wa jana alikubali. Neno lile ni kama shuka: ukijifunika nalo, hakuna anayeuliza ndani mna nini. Ningesema tu "haya, rudisha neno lako", na maswali yangeisha. Kijana alikuwa anangoja. Mdogo wangu naye safari hii hakukohoa.

"Andika," nikasema. "Chooni nashikwa mikono yote miwili, na anayenishika ni huyu hapa."

Mdogo wangu akageuza uso akatazama barabarani.

Barua ilijaa ukurasa, ikaendelea nyuma. Nikamwambia anisomee tena, neno kwa neno, na kila mstari ulikuwa kweli. Kwenye sahihi akanisogezea kidau cha wino nitie kidole. Nikakisukuma, nikaomba kalamu. Herufi za jina langu nilijifunza darasa la watu wazima, na bado ninazo. Zilikaa upande kama mguu, lakini zilitimia.

Jioni hiyo niliziweka karatasi zote tatu kwenye mfuko wa plastiki.  Mdogo wangu akauliza, "Na kule distrito wakikuuliza la chooni mbele za watu?"

"Nitajibu. Kwa mara ya kwanza lilikuwa zito. Sasa limeshasemwa."

"Na gauni?"

"Nimeshakwambia la kufanya na lile gauni."

Asubuhi nikafunga kanga ileile mpya, nikashika gongo, tukatoka.