Sakoshi ya Bwana Yangu

Nilipoolewa nilimnunulia bwana yangu maleti nyeusi, mkoba mgumu wa mkononi wenye kufuli mbili zilizong'aa. Alikuwa mwalimu, nami nilitaka watu wa mtaa wetu wa Bigo wamwone akipita asubuhi waseme, huyo ni mtu mkubwa. Aliibeba miaka mingi bila kulalamika.

Kisha msimu mmoja wa mvua, miaka ya sabini ikielekea kwisha, akarudi na sakoshi mpya, mkoba wa kuvaa begani. Ilishonwa kwa bashi ya lori, ile turubai nzito ya kijani. Maleti aliiweka juu ya kabati.

"Umeipata wapi?" nikamuuliza.

"Mwalimu mwenzangu alinishonea."

Hakusema mwanamume au mwanamke, nami sikuuliza. Alipokwenda kuoga niliichukua nikaikagua. Chini ilikuwa na sehemu yake ya viatu, kwa sababu kila siku alivuka tope kwa kandambili akavaa viatu mlangoni pa darasa. Kaye, yaani madaftari ya wanafunzi, zilikuwa na mahali pake, na kifuniko kilishuka chini sana ili mvua isiingie. Pembeni palikuwa na kimfuko cha miwani. Nikatia vidole ndani. Kilikuwa kimeshonewa kitambaa laini ili vioo visikwaruzike: kipande cha kikwembe, kitenge cha rangi ya machungwa, chenye majani madogo meupe.

Nilikaa kitandani nikiwa nimeishika. Aliyeshona sakoshi ile alijua miguu ya bwana yangu, alijua macho yake. Mimi nililala naye na sikuwahi kufikiri viatu vyake vinabebwa wapi. Alivifunga kamba akavining'iniza mkononi, nami nilikuwa naviona tu.

Jumapili, kanisani, nikakiona kikwembe kile. Kilikuwa kimevaliwa na mwanamke aliyekaa benchi mbili mbele yangu. Nilimfahamu kwa sura: mjane kutoka Bule, aliyefundisha watoto wa mwaka wa kwanza katika shule ya bwana yangu. Mahubiri yalinipita. Niliangalia shingo yake tu. Ilikuwa shingo nzuri, na hilo nalo liliniuma.

Kesho yake, nilipotoka sokoni nilikouza samaki wa chumvi, nikaenda kwake moja kwa moja, mtoto mgongoni. Nilimkuta barazani kwenye mashini ya kushona.

"Ni weye ulimushonea bwana yangu sakoshi?"

Akasimamisha gurudumu la mashini. "Ndiyo, mama. Ni miye. Karibu, ikala ku kiti."

"Juu ya nini ulimushonea? Hana bibi?"

"Iko na bibi, najua. Wakati mutoto wangu alikuwa mugonjwa, alikuwa anashikaka darasa yangu na yake pamoja. Sikukuwa na kitu ya kumupatia. Nikaona anabeba viatu mu mukono na kaye zingine hazienei mu maleti, zinalowana. Ndugu yangu alinipatia kipande ya bashi, nikashona. Ile tu."

"Na maleti yangu ilikuwa na kosa gani?"

Alinitazama kwa upole, na afadhali angenitukana. "Maleti iko muzuri, mama. Lakini ni ya mutu wa biro, wa kuikala ku meza. Bwana yako anatembea mu mvua."

Mtoto akaanza kulia, nikamtikisa. Mwanamke yule akainuka, akaangalia kitunga changu kilichonuka samaki.

"Na weye, unabebaka nini kila siku?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilikusudia kuondoka, lakini nikajikuta naanza kutaja: kisu, chumvi, nguo za mtoto, chupa ya maji, feza za mauzo ambazo nazificha kifuani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kama mutoto iko mu mugongo, kamba isipite mu bega, itamukaba. Sakoshi yako tutaifunga mu kiuno. Feza zikae mbele, kwa mukono yako."

Aliishona. Niliivaa sokoni kila siku, na wenzangu waliniuliza nimeipata wapi. Niliwaambia nimeinunua kwa wafanyabiashara wa Butembo. Kila nilipofungua kimfuko cha feza bila kuhangaika, nilizidi kumchukia kidogo, na kumshukuru, yote kwa pamoja.

Bwana yangu hakunificha kitu. Niliamini hivyo, na ninaamini hivyo hadi leo. Lakini kuamini hakukunipoza.

Baada ya muda mwanamke yule alihamishiwa shule moja upande wa Bambu. Walimu walimsindikiza mpaka kwenye lori. Siku hiyo bwana yangu alirudi, akakaa mbele ya sahani yake ya fufu na sombe ya majani ya muhogo, akamega kidogo, akanawa mikono.

"Chakula iko na chumvi mingi?" nikamuuliza.

"Hapana. Iko muzuri."

Nikaondoa sahani. Mwanamke yule alikuwa ameshakwenda, yuko njiani kwenye vumbi na vitu vyake, na mimi nilisimama jikoni nikimwonea wivu kama siku ya kwanza.